Musizi wa Mama

Izigo, Muleba
9 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini jicho lililofanyiwa upasuaji linaendelea vizuri, na kwamba dada Benigna hakuchoshi kwa chai yake ya tangawizi. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Vestina anakusalimu, migomba imezaa, na yule jogoo wako mkorofi bado yu hai, kwa bahati yake. Benigna, wewe unayemsomea Mama, soma polepole na usiruke mstari hata mmoja. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua: nikifika penye jambo lenyewe ningesingizia mtandao.

Habari kubwa ya hapa ni wodi ya wazazi inayojengwa kwenye zahanati yetu. Mama, ungeiona! Matofali yake hayakuchomwa. Ni udongo mwekundu uliochimbwa palepale, saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, yakafunikwa hadi yakakomaa, basi. Hakuna tanuri, hakuna mti uliokatwa kuwa kuni. Mimi niliyekulia kwenye moshi wa matanuri nilidhani ni mzaha, nikagonga moja kwa nyundo. Aliyeumia ni mimi.

Anayenunua vifaa ni dada mmoja wa Bukoba, Edvina, ofisa manunuzi wa mkandarasi. Ni mpole, ila akishika jambo hang'oki. Mwezi wa kumi na moja lori lilileta mbao kutoka Kemondo, za bei rahisi, zimenyooka, sote tukafurahi. Edvina akamuuliza mwenye lori mbao zimekatwa wapi. Bwana yule akajibu msituni. Akaulizwa msitu upi, mti upi, wa nani. Akacheka, akasema mbao ni mbao, dada yangu. Edvina akamshukuru na kumwambia ageuze lori. Nilishika kichwa! Miaka kumi na tisa napasua mbao, Mama, na sijawahi kuulizwa mti ulikotoka. Huwa naulizwa bei tu.

Akasema atanunua kwetu sisi wa hapahapa, kwa masharti. Kila mti upewe namba ya rangi, kwenye kisiki na kwenye mbao zake. Mwenye mti akubali kwa sahihi au dole gumba, na kwa kila mti unaokatwa apande mitatu mahali atakapochagua mwenyewe. Kazi nikapewa mimi. Nilidhani masharti ni ya kwenye karatasi, kumbe! Alikuja na mabuti, tukapanda na kushuka kibanja kwa kibanja, daftari mkononi. Namba aliyoisoma kwenye ubao asubuhi pale zahanati, mchana akaikuta kwenye kisiki kwa mzee Rutaihwa, ng'ambo ya kilima. Nywele zilinisisimka. Nilisimama pale nikawaza kwamba kila ubao niliowahi kuuza ulikuwa na kwao, na mimi sikuwahi kuulizia.

Sasa Mama, kaa vizuri.

Zilikuwa zimebaki boriti mbili za katikati ya paa. Miti yote ya majirani ilikuwa mifupi. Mrefu ulikuwa mmoja tu, nawe unaujua. Tata alipofariki akatuacha yatima, nilikuwa na miaka tisa, na nakumbuka tulivyokwenda kwa Rutaihwa kuazima mbao za jeneza. Ulisema mbele ya msiba wote kwamba wewe hutaazimiwa mbao na mtu, na wiki ileile ukapanda mti wa musizi nyuma ya nyumba, ukasema hicho ndicho kitanda chako cha mwisho.

Mama, nimeukata. Nilijiambia wewe bado una nguvu, na mti mwingine utapatikana. Na kwenye fomu, penye jina lako, nilibonyeza dole gumba langu mimi.

Edvina alipofika kwenye kisiki chako nikampa kahawa ya kutafuna, kama mgeni. Akasifu mti, akasema haondoki kabla ya kuongea nawe, Ma Kokwijuka, akushukuru, hata kwa simu. Nikaitema kahawa yangu. Nikamweleza yote hapohapo, nikangoja anifukuze. Hakunifukuza. Alichuchumaa kando ya kisiki, akasema kwamba ubao uliochukuliwa bila mwenyewe kujua ni wa wizi, hata kama aliyeuchukua ni mtoto wa kumzaa. Akaichana fomu.

Boriti sasa ziko chini ya turubai, zimeandikwa KOKWIJUKA kwa rangi, na hakuna wa kuzigusa. Mafundi wamesimama. Masika yanakaribia na kuta za udongo ziko wazi. Nilimsihi aandike tu kwamba umekubali, akakataa. Mama, nimewahi kuwaogopa mapadre na polisi, lakini sijawahi kustaajabu namna hii. Paa zima limesimama likingoja neno la mama mmoja ambaye dada yule hajamtia machoni.

Sikuombi useme ndiyo. Ukikataa, nitazibeba boriti hadi nyumbani, nizipasue mbao na kuzilaza darini, na Mungu azicheleweshe huko miaka mingi. Ukikubali, wanawake wa Izigo watajifungulia chini yake. Vyovyote iwavyo, nimekukosea, na naomba unisamehe. Miche mitatu iko kivulini kwenye makopo. Sijaipanda, kwa sababu mahali pa kuipanda ni wewe wa kuchagua.

Clavery, anayekuletea barua hii kwa meli, amebeba pia fomu mpya na pedi ya wino. Ukipenda, bonyeza. Usipopenda, mrudishie hivyohivyo, nitaelewa.

Wasalimie shemeji na watoto. Jicho lisiguswe na moshi wala machozi, hata kama ni mimi niliyekuliza.

Ni mimi mwanao,
Protase

Chini ya jina langu nimebonyeza dole gumba langu, Mama. Hapa ndipo mahali pake.