Saa Nne Hivi

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Nkanka tu wazima, ila nyumba imepoa tangu tumzike babu yako.

Unalalamika kwamba mwalimu amekurudishia daftari la vipimo kwa sababu uliandika "saa nne hivi". Mambo hayo yalinichosha mimi pia. Babu yako aliwaandikia watafiti saa za matetemeko ya ardhi, na siku moja aliniachia daftari. Ardhi ikatikisika. Nikaokota kwanza maharage yaliyomwagika, ndipo nikaandika "saa nne hivi" kama wewe.

"Mama Neema, leo yamepita mawili," akafoka. "Hili lako ni lipi?"

Sikujua. Akaufuta mstari wangu, nami nikanuna siku mbili.

Juzi mgeni aliniuliza mzee alikata roho saa ngapi. Nikajibu, "Asubuhi," maana sikutazama saa. Bado najikasirikia. Rudia vipimo, mwanangu.

Nyanya yako