Siku Prosesa Yangu Ilipoishinda Yako

Baba Mutheu wangu,

Mutheu amerudi shule ya bweni na nyumba imenyamaza, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Unakumbuka tulipofungua studio ya video hapa Kitengela, kila mmoja akaja na kompyuta yake? Yako ilikuwa na prosesa, ule ubongo wa mashine, ya bei kali, ile iliyosifiwa na kila duka. Mimi nilichukua yenye prosesa ya kampuni pinzani, karibu nusu ya bei. Ulinitazama kwa huruma, ukasema, "Mama Mutheu, rahisi ni ghali."

Tuliporudi kutoka kurekodi harusi kule Isinya, tulizipa zote mbili kazi moja: kubana video ile ile iingie kwenye CD. Yako ikamaliza kwanza. Ulienda kuweka chai ukipiga mluzi, na mluzi ule uliniuma.

Kesho yake niliingia kwenye mipangilio ya mashine yangu, nikaiongezea prosesa mwendo kuliko ilivyopangwa kiwandani. Skrini ikawa nyeusi. Nikapunguza kidogo, ikawaka, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikaielekezea feni ya meza isije ikaungua. Nawe ukajaribu kuongeza yako, ikakataa katakata. Walioitengeneza walikuwa wameifungia mwendo wake. Tukairudia kazi ya video ile ya harusi. Safari hii yangu ilitangulia.

Uliitazama video yote, kuanzia maharusi kuingia kanisani mpaka keki, ukitafuta kasoro. Hukuipata.

"Haya," ukasema. "Tukinunua ingine, wewe ndio utachagua."

Hatukununua. Kifua kilikulaza, nikakupeleka hospitali Kajiado, nikarudi peke yangu. Nikaendelea na harusi za watu kwa zile mashine zetu mbili hadi zikachoka kabisa.

Jumamosi nilienda Nairobi kununua nyingine. Muuzaji akaniuliza nataka prosesa gani kati ya za kampuni zile zile mbili. Nilimweleza bei, joto, mwendo, na kwa nini ile ghali haina faida kwa kazi yangu. Kisha nikangoja anibishie.

"Sawa, mama," akasema, akaanza kuifunga kwenye boksi.

Nilibaki nimesimama pale kaunta, niko na hoja zingine nyingi, na hakuna aliyezitaka.

Pumzika, mume wangu. Mvua ikikatika nitakuja shambani nipalilie hapo ulipolala.

Mkeo,
Mama Mutheu