Mwiko wa Ukoo wa Nahodha

Tata,

Kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa! Nimeanza na hilo kwa sababu najua huna subira na salamu ndefu. Kwenye jalada wamechora chombo cha anga kikitua katikati ya migomba. Migomba yenyewe wameichora vibaya, inafanana na minazi. Ungecheka mpaka ukohoe.

Mama hajambo. Kibanja chetu cha migomba nimekitandazia nyasi mwenyewe, nikazunguka kaburi lako taratibu, na kahawa ya upande wa barabarani imezaa vizuri. Watu wa hapa Buganguzi bado wananiuliza nitaandika lini mambo ya kweli. Nawajibu kwamba haya ni ya kweli, ila yanatokea mbali.

Unakumbuka nilivyokusimulia sura ya kwanza tukipalilia? Nilikueleza jinsi wasafiri wanavyotua kwenye sayari ngeni na kupokewa na wenyeji wenye mikono minne. Mikono haikukushtua hata kidogo. Uliuliza, "Hao ni wa ukoo gani? Mwiko wao ni nini?" Nikasema hawana. Ukaweka jembe chini. "Mwana wange, wenye mwiko mmoja hawaoani. Sasa hao wataoanaje?"

Nilicheka, halafu nikaona umenishinda kwa hoja. Tangu siku hiyo ukawa unagawa miiko kama mtu anayegawa mashamba: hawa hawali samaki asiye na magamba, wale hawagusi nyama ya mnyama mwenye mabaka. Dunia niliyoibuni ikaanza kusimama imara. Nikajiona mwandishi, Tata, kwa sababu ulibishana nami kuhusu watu wasiokuwepo kana kwamba wanakaa hapo Kagoma. Akabaki nahodha wa chombo tu, yule mwanamke ninayempenda kuliko wote. "Huyo tumtafutie polepole," ulisema. Kisha ukaugua, na hatukumtafutia.

Mhariri wangu wa Dar es Salaam alitaka niondoe miiko yote, eti inachelewesha safari. Nilikataa. Nilimwambia bila miiko hao ni abiria tu. Akakubali, lakini akanibana: kama kila ukoo una mwiko, nahodha naye apewe wake kabla kitabu hakijachapwa. Nilipitia wanyama wote ninaowajua. Hakuna aliyemfaa.

Halafu senene wakaja, taa za kanisani zikajaa panzi hao. Mama alikaanga, akanipakulia sahani nzima, akatoka kwenda kwa jirani. Nikabaki jikoni. Tata, niliisukuma sahani kando. Nililia kama mtoto. Nilimkumbuka Bibi akifoka kwamba mwanamke hali senene, na wewe, bwana miiko mwenyewe, ukinipenyezea konzi ya senene chini ya meza: "Kula, Koku. Mimi siwezi kula peke yangu."

Nikafuta machozi, nikaandika: watu wa ukoo wa nahodha hawali senene peke yao. Mhariri hakubadilisha hata nukta.

Pumzika, Tata. Kitabu kikitoka nitakuja nacho kibanjani, nikusomee pale nahodha anaposhuka ugenini. Wenyeji wanamuuliza ukoo wake. Yeye anafungua mfuko wa senene na kuketi chini, anawangoja wasogee. Nitakuja na wangu pia. Sitaonja mpaka nimekuwekea wako.

Binti yako,
Koku