Ile Chaja Aliyonunua Shemeji

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Mbuchi, wewe na watoto, na mpunga pia kama maji hayajauchukua. Jicho la shemeji je? Nauliza nikijua jibu sitalipenda. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwili wangu mzima. Huku Mbeya baridi inaingia mpaka mifupani, na kazi niliyopata ni kupakia viazi kwenye malori. Ufundi sijaugusa tangu nitoke Kibiti.

Pale hospitali ulisema mbele za watu, "Wewe ndiye uliyeitengeneza ile chaja, wewe ndiye uliyempofua mume wangu." Sasa nisikilize.

Kutengeneza nilitengeneza. Nilichukua pawasapulai ya kompyuta mbovu, lile sanduku la kuipa kompyuta umeme, nikatoa rizista, kile kidude kidogo cha kubana umeme, inayoshikilia volti zisibadilike, nikaweka kitufe cha kuzungusha ili zipande na kushuka kwa mkono. Kisha nikaongeza rizista ya kuzuia, hata ukizungusha mpaka mwisho zisivuke kumi na nne na nusu. Betri ya taa za kuvulia haitaki zaidi ya hapo. Ukizidisha inachemka, inajaa gesi, inapasuka. Tajiri aliyeniajiri dukani kwake akafurahi, akawauzia wavuvi na kusema ni akili yake.

Betri ilipompasukia shemeji usoni akalazwa, nililifungua lile sanduku la chaja yake. Rizista yangu ya kuzuia ilikuwa imekatwa, pameungwa kipande cha waya. Nikampelekea tajiri dukani. Hata hakushtuka.

"Wateja wanalalamika betri zinachelewa kujaa," akasema. "Wewe unawawekea breki."

"Shemeji yangu amepoteza jicho!"

"Si angezungusha taratibu."

Siku ile ile akatangaza kwamba nililehemu vibaya, akanifukuza. Nawe ukamwamini, dada. Mtu baki, kwa kuwa ana duka na kanzu safi, ukamwamini kuliko mdogo wako uliyembeba mgongoni. Hilo limeniuma kuliko kufukuzwa.

Lakini lipo nisilomwambia mtu. Kabla shemeji hajaja kununua, nilishamwona tajiri akikata rizista kwenye sanduku jingine. Nikamuuliza. Akanijibu, "Kazi unaitaka, huitaki?" Nikasema naitaka. Shemeji alipokuja, mimi ndiye niliyemfungia sanduku kwenye mfuko. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Ningefungua nikatazama, dakika mbili tu. Tajiri alikuwa ananiangalia, nikamwambia shemeji, "Katumie kwa amani."

Nisalimie mama mkwe wako, na mjomba wetu mwadhini, na shangazi aliyetulea. Shemeji msomee barua yote, usimrukie hata mstari mmoja. Akikukataza kunijibu, usinijibu.

Mdogo wako,
Hamisi