Sura Yangu Njia Panda ya Bigwa

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeamka saa kumi na moja, nimechota maji, nimetoka. Njia panda ya Bigwa nikakuta bango jipya la shule yetu. Sura yangu, kubwa kuliko mlango. Chini yake: "Nilifika Kidato cha Kwanza sijui kusoma. Leo naongoza darasa." Uongo. Nilijua kusoma nina miaka sita. Alinifundisha Mwalimu Konsolata, shule ya msingi ya serikali. Kila siku anapita hapo akienda shambani. Bango ni kazi ya mjomba. Ndiye afisa masoko wa shule.

Jumanne, 9 Septemba
Darasani nimeitwa Bango siku nzima. "Bango, hii herufi gani?" Nawachukia. Nimemwomba baba aongee na mjomba. Amesema kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Akarudi kwenye chai yake. Baba ni Mluguru hodari inapomfaa.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekwenda ofisini kwa mjomba. Nimemwambia bango liondolewe, Mwalimu ataona nimemkana. Akanisimulia maisha yake. Alianza kutangaza sabuni juu ya pikapu, Mikese hadi Mazimbu, kipaza sauti mkononi. Baadaye soda. Baadaye laini za simu. "Mjomba," akaniambia, "mzazi hanunui shule. Ananunua mtoto aliyebadilika." Kisha akanipa karatasi. Jumamosi ni siku ya wazazi, niisome mbele ya watu. Maneno yale yale ya kwenye bango, ila marefu.
Namchukia. Nitaikunja karatasi yake na kusema ukweli.

Jumamosi, 13 Septemba
Sikusema.
Mwalimu Konsolata alikuwa safu ya tatu, kamleta mjukuu. Nilipomwona, nikaikunjua karatasi. Nikaisoma. Maneno yanakatika, mstari mmoja nimeurudia mara tatu. Mama mmoja mbele akasema, "Masikini, kumbe kweli alikuwa hajui." Wakapiga makofi. Fomu za kujiunga ziliisha kabla ya saa sita. Mjomba akanikumbatia. "Kigugumizi kile, mjomba, hata ningekulipa usingekiweza."
Nilitaka kumtapikia shati.

Jumapili, 14 Septemba
Baada ya misa nimekwenda kwa Mwalimu. Alikuwa anapalilia kabichi. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwomba msamaha. Akapalilia mpaka mwisho wa tuta ndipo akainuka.
"Jana nukta zote ulizipita," akasema. "Mimi sikukufundisha hivyo."
Akaanza tuta jingine. Sijui kama amenisamehe.
Jioni mjomba kaja na karatasi nyingine, ya kusoma kwenye video ya shule. Nikamwambia sisomi. Akacheka. Nikarudia, sauti ndogo vile vile. Akaacha kucheka. Ameondoka bila kuaga.
Mama hasemi na mimi. Sare ya kesho nimeipiga pasi mwenyewe.