Rangi Yangu ya Kucha

Shoga uko? Usinipigie, nimejifungia chooni kwa dada, nikiongea nitalia.

Unakumbuka zile shokomzoba mpya za gari langu nilizonunua? Ukaniambia nizitie alama kabla ya kumpa fundi, nikakucheka, nikasema fundi mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada! Nikazipaka rangi yangu nyekundu ya kucha, kwa utani tu.

Mwezi mzima gari linanirusha. Kashimo kadogo tu, ngo! Namwambia shemeji, ananijibu, "Vumilia, zikiwa mpya huwa ngumu, zitalegea." Zitalegea! Na mimi nikavumilia.

Leo nimelipeleka kwa fundi mwingine. Akakandamiza boneti, akaachia, gari likadunda kama mpira. "Dada, hizi zimekufa zamani." Nikambishia, mpya hizo! Akachovya kitambaa kwenye petroli, akafuta. Rangi nyeusi ikatoka yote, chini yake mafuta yanavuja. Ni zile zile zangu kuukuu, zimepakwa rangi! Alama yangu hakuna.

Nikaja hapa moja kwa moja. Gari la shemeji, si unajua ni aina moja na langu, liko uani. Nikainama, nikachungulia nyuma ya tairi.

Nyekundu. Kucha zangu kabisa!

Naingia sebuleni, sijafungua hata mdomo, mama ananipokea: "Leo mkwe wangu kanileta na gari lake. Laini kama godoro! Lako litanivunja kiuno. Hebu mwambie akutengenezee na wewe."

Shemeji akatabasamu. "Alilete tu, mama. Nitamfungia kama zangu."