Mikono Ishirini na Minne, Yote ya Kushoto

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kujutia, na tafadhali usinitaje, maana ninayetaka kukueleza habari zake ni msomaji wako wa kila wiki, akiisoma hii atajijua na mimi nitakana.

Mimi ni fundi cherehani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye ni fundi, na kwa miaka tisa tumeshona chumba kimoja, vyerehani vyetu vimetazamana, meza ya kukatia katikati, mimi nashika ncha hii ya kitambaa na yeye ile, tunakunja, tunakata, tunawasema wateja wakishatoka, mpaka watu wakadhani tumezaliwa tumbo moja. Yeye ni wa chama tawala na mimi ni wa upinzani, jambo tulilolijua siku zote na tukilitania, lakini zilipoanza kampeni za uchaguzi mwaka huu sijui ni simu, sijui ni redio, sijui ni shetani gani, utani uliisha na kila mtu akawa na mdomo kama wa mikasi.

Siku tuliyovunjika ilianza na mdogo wangu. Amesomea ualimu, ni mwaka wa nne yuko nyumbani, kila Jumatatu anapiga viatu rangi kama mtu mwenye pa kwenda kisha anavivua, na mimi nikasema serikali hii imemla mdogo wangu mzimamzima. Wifi bila hata kuinua macho akasema, "Serikali haiwezi kumwajiri kila mtu, na yeye apunguze kuchagua." Mshauri, kilinichoma. Nikamwita kibaraka, akaniita kasuku wa redioni, nikamwambia watu wa chama chake wanafikiri kwa tumbo, akaniambia, "Wifi, siku ile ya zahanati si ulikuwepo? Umesahau?" nikamkatiza, nikamwambia asiniletee zahanati yake hapa. Ni kweli nilikuwepo, mwanawe wa mwisho alishikwa na degedege, tukakimbia naye mimi na yeye tukipokezana, na zahanati ya serikali ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, muuguzi akamwahi mtoto, lakini sasa hilo na chama yanahusiana nini?

Baada ya hapo nikaweka sheria, siasa marufuku ndani ya duka, nikaibandika mlangoni kabisa. Haikusaidia. Akisema uzi umepanda bei naona ananikejeli, nikisema umeme umekatika anaona namsema, akikohoa nasikia kampeni. Nitaungama na hili, kuna mama alileta kitambaa cha mapazia, kizuri tu, ila kilikuwa rangi ya chama chao, nikamwambia rangi ile inachuja, akakirudisha alikokinunua. Hakichuji. Nimekishona miaka na miaka.

Halafu ukaja mzigo wa hoteli, magauni kumi na mawili ya wahudumu. Zamani tungekunja kitambaa mara mbili, ukikata mkono mmoja unapata na mwenzake. Safari hii kukunja kungetaka tushirikiane, kwa hiyo nikamwachia kikaratasi mezani, "Nakata mikono ya upande mmoja, wewe kata ya upande wa pili," nikakata yangu jioni, yeye akaja akakata yake asubuhi, na sote tulitumia karatasi ileile ya kipimo inayoning'inia ukutani, uso wake juu. Sikuandika ni upande gani na yeye hakuuliza. Tulipoanza kuunganisha tukakuta mikono ishirini na minne, yote ya kushoto, na kitambaa chenyewe kina uso na mgongo, hakigeuziki.

Mwenye hoteli alisimama pale ameshika gauni, anatutazama kwa zamu. Nilitaka kucheka, na naapa wifi pia alitaka kucheka, nililiona shavu lake. Badala yake akasema, "Na ninyi ndio mnataka mpewe nchi." Nikamjibu, "Ninyi mmeshapewa, na mikono ndiyo hii." Mwenye hoteli akatuletea kitambaa kingine na kutupa wiki moja. Kitambaa kiko mezani mpaka leo kimefungwa, hakuna wa kushika ncha ya pili, na wifi ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anahamisha cherehani chake.

Mume wangu anasema hayumo. Mama mkwe, ambaye hajapiga kura tangu azaliwe, ametuita wote wawili akatuambia, "Mnapigania harusi ambayo hamjaalikwa," kisha akatufukuza. Mshauri, nimechoka. Niambie, watu wasiokubaliana bado wanaweza kuzungumza siasa kama binadamu, au nimwache aende na cherehani chake nipumue? Na usiniambie nimwombe msamaha, maana ukweli uko upande wangu na hata wewe unaujua.

Wako,
Fundi Niliyechoka

*

Fundi uliyechoka,

Pole. Sasa pole imekwisha, tuseme kweli.

Kwanza kabisa mtafute yule mama wa mapazia umwambie kitambaa chake hakichuji. Amekosa nini yeye? Alitaka kuziba jua dirishani, wewe ukamhukumu kwa rangi. Ukishafika mahali pa kuogopa pazia, mwanangu, usiniulize tena kama wifi yako ana akili timamu. Nyani haoni kundule.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu kimoja, wifi yako anaamini nini na kwa nini. Chama chake nakijua. Matusi yake nayajua. Mpaka shavu lake nalijua. Sababu yake nimeiona mahali pamoja tu, pale alipotaja zahanati, na hapo hapo ukamkatiza. Kisha unaniuliza mimi yanahusiana nini. Yanahusiana na mtoto aliyekuwa amegeuza macho mikononi mwenu, na mlango uliokuwa wazi mlipofika. Mama yeyote akishaona hivyo, aliyeufungua mlango ule atamshukuru mpaka kaburini. Unaweza kumwambia kwamba zahanati moja haitoshi, na pengine uko sahihi. Lakini huwezi kumwambia mama huyo kwamba anafikiri kwa tumbo, na wewe ndiwe uliyempokea mtoto alipochoka kukimbia.

Na wewe wifi mtu, najua unasoma, usijifanye unatafuta ukurasa wa michezo. "Apunguze kuchagua" ni neno la kumwambia kijana anayepiga viatu rangi kila Jumatatu? Dada yake alikuwa anakuonyesha kidonda, wewe ukamjibu kama msemaji wa wizara. Nani alikutuma? Wizara ina wasemaji wake na wanalipwa.

Mmenichosha nyote wawili. Mnasema mmegombana kwa sababu ya siasa, na mimi nasema siasa hamjaizungumza hata siku moja. Mmoja ana mtoto aliyepona, mwingine ana mdogo aliyekaa bure miaka minne, na hayo mawili ndiyo siasa yenyewe. Mngeyaweka mezani mngekuwa na la kujadiliana mwaka mzima, tena kwa heshima, maana hakuna kati yenu asiyempenda yule mtoto wala asiyemhurumia yule kijana. Badala yake mkaazima matusi ya watu wa majukwaani, wasiojua hata duka lenu liko wapi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Umeniuliza kama inawezekana. Inawezekana, ila si kwa kunyamaza. Ulipiga marufuku siasa, ikajificha kwenye uzi, kwenye umeme, mpaka kwenye kikohozi. Mwisho mlinyamaza vizuri sana, na matunda yake ni mikono ishirini na minne.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi bandua hiyo sheria yako mlangoni. Usimtume mume wako wala mama mkwe, hao wameshajitoa na wana haki. Fungua kile kitambaa, shika ncha moja, na umwambie wifi yako ashike ya pili kwa sababu ya mzigo wa hoteli, si kwa sababu yangu. Mkishakishika wote, mwulize habari za siku ile ya zahanati. Umwache amalize. Utasikia vitu vitakavyokuchoma, utatamani kusema "lakini". Ncha ya kitambaa iko mkononi, ukiiachia kitapinda, kwa hiyo vumilia. Akimaliza, mwambie habari za viatu vya mdogo wako, na usitaje chama hata kimoja. Yeye naye amalize kusikia.

Msamaha umenikataza kuutaja, basi siutaji. Lakini jioni kaa uniandikie kwa nini wifi yako anapigia kura chama kile, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyatumia. Kabla ya kuituma barua hiyo, mpe asome. Akisema "hapa sivyo," futa uandike upya, hata kama utamaliza daftari. Mpaka atakaposema umepatia, usithubutu kumwambia amekosea, kwa sababu bado hujui amekosea wapi. Kura yako baki nayo, hakuna aliyeiomba.

Na kama baada ya hayo yote mwisho wa mwezi ukifika bado anataka kuondoka, usijifungie ndani. Cherehani cha miguu hakibebwi na mtu mmoja. Shika upande wa pili, umfikishe.